Begi la besi lililovuka Ruvuma, likafika likiitwa kitanda

Wakuu, nawaamkia kwa heshima, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni mwalimu mstaafu, makazi yangu ni Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na besi nilianza kuipiga kabla wengi wenu hamjazaliwa. Ninayoyaandika hapa nimeyaona kwa macho yangu na kuyashika kwa mikono yangu. Ya kusikia nimeyaacha nje, isipokuwa uvumi mmoja tu. Huo nimeuingiza kwa sababu ulinishinda nguvu.

Humu jukwaani hakupiti muda bila mtu kuuliza begi gani linafaa kwa gita la besi. Na kila mara hujibiwa na watu ambao, nikisoma majibu yao, naona hawajawahi kusafirisha hata filimbi. "Nasikia hili ni zuri." Unasikia kwa nani? Alilibebea wapi?

Basi nisikilizeni mimi niliyelibeba. Au tuseme, niliyedhani nitalibeba.

Mjukuu wangu Mwanaidi aliposwa na kijana wa ng'ambo ya Ruvuma, katika kijiji kimoja cha njia ya kwenda Mtwara. Mahari ilipokwisha kupokelewa, alikuja kukaa karibu nami barazani, akaniomba jambo moja.

"Babu, sitaki kuingia kwa mume wangu kwa spika ya kukodi. Nataka niingie kwa besi yako."

Rafiki yangu Amade, niliyepiga naye katika bendi moja tangu ujana, anaishi kijiji hicho hicho, na gita lake na amplifaya bado anavyo. Wapiga ngoma wapo. Kilichopungua kilikuwa ni mimi na besi yangu. Nikakubali mbele ya watu, na neno la babu kwa mjukuu halirudishwi.

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda kuitazama besi yenyewe.

Wakuu, besi hii iliwahi kuvunjika shingo. Ilivunjika ule wakati wa mashambulizi, tulipohama Palma kwa haraka kama walivyohama wengine, ikiwa imeviringishwa kapulana tu, yaani kanga zetu za huku, juu ya lori. Fundi aliiunga kwa gundi na ikashika vizuri, lakini alinionyesha mstari wa ule ufa na kunieleza wazi kwamba ikivunjika tena pale pale, hapatabaki mti wa kushika gundi. Itakuwa imekwisha.

Kwa hiyo suala langu halikuwa begi la kupendeza. Shingo ikivunjika njiani, mjukuu wangu ataingia kwa mumewe kimya baada ya mimi kumwahidi, na mimi nitakuwa nimeagana na besi.

Najua wapo watakaosema, "Mzee, nunua sanduku gumu." Haya. Safari yangu ilikuwa ya pikipiki kutoka Palma hadi kivuko cha Namoto katika mchanga, kisha boti. Sanduku gumu mgongoni mwa abiria wa pikipiki ni mlango unaosafiri; upepo ukiushika, mnalala kichakani wote wawili. Nililikataa.

Mpwa wangu Sumaili, ambaye ana duka la simu na vyombo vya umeme, aliniletea mabegi mawili kutoka Pemba, ule mji wa huku Msumbiji, nichague. Moja lilikuwa jeusi, linang'aa, sponji yake nene kama godoro, mifuko tele, na mikanda mipana ya mabegani. La pili lilikuwa la kijivu, limekaa kama gunia la posta, sponji ya wastani, ila mgongoni mwake mmeshonewa ubao mwembamba wa plastiki kutoka juu hadi chini, na ndani mna kigingi cha sponji ngumu cha kuilaza shingo ya gita.

Sumaili alisema watu wote wanalisifu lile jeusi. Nilimuuliza awataje hao watu. Akamtaja mmoja, naye alikuwa ameliona kwenye simu.

Nikaanza na kipimo. Nawasihi, wakuu, anzeni na kipimo. Besi ni ndefu kuliko gita la kawaida, na mabegi mengi huuzwa kwa jina la gita tu. Ukiingiza besi, kichwa chake kinasukumana na zipu, na funguo za nyuzi zinachakaa kila unapotembea. Haya mawili yote yalitosha.

Kisha maji. Nilijaza magazeti makavu katika kila begi, nikafunga zipu, nikamwagia ndoo nzima. La kijivu lina ulimi wa kitambaa unaofunika zipu, na magazeti yalilowa kidogo pembeni. Jeusi liliandikwa kwamba haliingii maji. Aliyeandika nadhani hakuwa na ndoo. Hata hivyo niliona dosari hiyo naweza kuiziba kwa kipande cha nailoni.

Kisha kuanguka. Hapa nilimwomba mke wangu, Bi Anifa, mayai.

Nilikata ubao kwa umbo la besi, nikafunga yai moja chini kabisa, pale panapotangulia kugonga sakafu mtu akilitua begi kwa uzembe, na jingine juu kwenye kichwa. Nikaliachia kila begi kutoka usawa wa goti. Mayai yote yalisalimika. Mke wangu alisimama mlangoni akitazama, kisha akasema kwamba kwa miaka yote tuliyooana hakuwahi kuniona nikimshika mtoto kwa uangalifu ule.

Mwisho, mikanda. Niliyatundika kwenye boriti ya baraza yakiwa na mchanga ndani, usiku kucha. Mishono ya mabegi yote ilishika, ila mikanda ya jeusi ilikuwa bora mno; ilikaa mabegani kama imekatwa kwa ajili yangu. Asubuhi nikatangaza uamuzi: tunakwenda na jeusi.

Bi Anifa aliuliza swali moja.

"Na nani ataibeba?"

Nikamwambia ni mimi, mgongoni mwangu, kutoka mlango huu hadi mlango ule.

"Kwa wakwe? Mwalimu, wewe umesoma mpaka umesahau kwenu."

Alikuwa na haki. Wasomaji wa mbali huenda hamjui. Huku kwetu mgeni wa harusi hafiki na mzigo wake mkononi. Wanawake wa nyumba inayopokea huja kuwalaki ufukoni na kuchukua kila kitu. Kumnyima mwenyeji mzigo wako ni kumwambia machoni kwamba humwamini. Na wanawake wetu hawabebi mgongoni. Hubeba kichwani.

Mke wangu alilichukua begi jeusi lenye mchanga kidogo, akaweka kata ya kapulana utosini, akalilaza juu yake. Begi lililegea pande zote mbili kama samaki aliyekatwa mgongo. Kilichobaki juu ya kichwa chake, kikibeba uzito wote, ni sehemu ile ile ambapo shingo ya besi inaingia mwilini. Ufa wangu.

Akalilaza la kijivu. Likakaa sawasawa, limenyooka, akazunguka nalo uani mikono ikiwa kiunoni.

Haya ndiyo ambayo sijayasoma katika uzi wowote humu. Wote mnaoshauri mna magari.

Tukaondoka na la kijivu.

Pikipiki haikuwa na tabu. Namoto mimi na Bi Anifa tulipanda boti ya mashine pamoja na bibi harusi, shangazi zake na vyombo vyake. Ng'ambo ya pili maji yalikuwa yamekupwa, boti ikakwama mbali na ukingo, na kati yetu na nchi kavu palikuwa na tope na maji ya magotini.

Na pale ukingoni walikuwapo, kundi zima la kapulana za sare, wakipiga vigelegele kabla hatujashuka. Mbele yao alikuwa mama wa bwana harusi, Bi Somoe, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita mtu akiwa kijiji cha pili. Alikuja majini moja kwa moja kwangu.

"Mkwe, nipe nikupokee mzigo."

Nilimwambia kwamba huu ni mzigo mdogo, nitaubeba mwenyewe. Nilitaka kujaribu, wakuu, siwafichi. Alinitazama. Bi Anifa naye alinitazama kutoka ndani ya boti. Nikavua mikanda.

Bi Somoe aliupima kwa mikono, akaugonga ubao wa mgongoni, akaupapasa pale unapopanuka, kisha akageuka kwa wenzake.

"Mume mkubwa amekubali kushindwa! Amekuja kumkabidhi mwanangu kitanda!"

Kwa wasioujua utani wetu, babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na siku ya harusi anahesabiwa kuwa mume aliyenyang'anywa. Mzee wa namna hiyo akionekana na mzigo mrefu, wenye mbao, upana upande mmoja, watu wataufikiria kuwa kitu kimoja tu.

Nilisema kwa sauti ya darasani kwamba hiyo ni besi, ala ya muziki. Bi Somoe alinipiga begani kwa upole.

"Aibu za nini, mkwe? Umeshindwa kiungwana."

Begi likapanda kichwani, wimbo ukaanza, na mimi nikafuata nyuma nikiwa na viatu mkononi na macho kwenye begi. Maana mama yule hatembei, anacheza. Kila ubeti wa wimbo ulipofika mwisho alizungusha kiuno, na besi yangu ikazunguka nayo juu ya tope la Ruvuma. Katikati mguu wake mmoja uliteleza. Begi likainama, ncha ya chini ikagusa maji, nikasikia shangazi mtu akivuta pumzi. Bi Somoe akalirudisha kwa kidole kimoja na kuendelea na ubeti uliofuata. Ubao wa mgongoni haukupinda.

Tulipofika kijijini, habari ilikuwa imetutangulia. Mvulana ukingoni alisikia kitanda. Njiani kikawa kitanda cha mpingo. Karibu na msikiti nilikutana na Amade, akanikumbatia na kunipongeza kwa kitanda cha mpingo kilichochongwa na Wamakonde, chenye simba wawili. Nikamuuliza nani amewaona simba. Akasema watu wote.

Nikauliza begi langu liko wapi. Wakaniambia limeshapelekwa linapostahili. Chumbani kwa bibi harusi.

Hapo, wakuu, niliishiwa maarifa. Chumba kile siku ile mwanamume haingii, hata awe babu wa babu. Ndani mle wanawake walikuwa wakipanga kuunganisha kitanda. Niliwaza mtu akiing'oa shingo ya besi akidhani ni mguu wa kitanda, na Amade alikuwa tayari anakaza nyuzi za gita lake.

Niliketi kwenye benchi nje ya dirisha na kungoja, kwa sababu hapakuwa na jingine la kufanya.

Nilichokisikia kwanza ni kicheko. Nakijua kicheko kile tangu kikiwa hakina meno. Wanawake walikuwa wamemwambia Mwanaidi babu yake kaleta kitanda cha simba, wakalifunua begi kumwonyesha. Bi Anifa, aliyekuwamo mle, alinieleza baadaye kwamba alicheka mpaka wanja ukamchirizika na ikabidi apakwe upya.

Kisha mlango ukafunguliwa kidogo, begi likatolewa, na sauti ya mjukuu wangu ikatoka nyuma yake.

"Mpeni babu kitanda chake akalaze wageni."

Nilifungua zipu. Chini palikuwa na unyevu wa kiganja kimoja, nje tu. Nikaitoa besi, nikaiinua jichoni na kuitazama shingo kwa urefu wake. Imenyooka. Nikapitisha kucha juu ya mstari wa gundi. Mzima. Uzi mmoja ulikuwa umelegea kidogo, nikaukaza.

Jua likiwa bado juu, Mwanaidi alitoka kwenda kwa mumewe. Amade alianzisha wimbo wetu wa zamani tuliokuwa tukifungia harusi, na nilipoingia na besi, niliiona shela ya mjukuu wangu ikigeuka upande wangu. Sitaandika zaidi ya hapo. Niliahidi kuandika ninayoyajua, na lile sina jina lake.

Tulipopumzika, Bi Somoe alikuja na sahani ya wali, akaniwekea mwenyewe.

"Mkwe, kumbe kitanda chenu kinaimba. Vizuri sana. Na cha kulalia kinafika lini?"

Nilifungua mdomo nieleze kwamba kitanda hakijawahi kuwapo, kwamba ni maneno ya watu, kwamba mimi maisha yangu yote nimefundisha watoto kutofautisha habari na uvumi. Bi Anifa aliniwahi.

"Kinakuja," akasema.

Kwa hiyo, wakuu, funzo langu ni hili. Ukinunua begi la besi, usiishie kulipima kwa mgongo wako. Jiulize nani atalipokea mwisho wa safari, na kwa desturi ya kwao atalibeba vipi, kisha ulipime hivyo. Kama ni kichwani, tafuta lenye ubao mgongoni na kigingi cha shingo, na uzuri wa sponji uje baadaye. Wala msilichukue kwa kuwa mimi nimesema. Tafuteni ndoo, ubao na mayai.

Nami sasa nahitaji msaada wenu. Seremala wa kijiji cha Diaca amekwisha kuanza kazi. Ni mpingo, na simba wawili, kwa kuwa mke wangu anasema tukipeleka bila simba tutaonekana waongo. Nauliza: kitanda hufungashwaje ili kivuke Ruvuma salama, kikipokelewa na mama anayecheza?

Ajibu aliyewahi kukivusha. Mwenye "nasikia" apite kimya kimya.