Karatasi Mbili za Asuman

Kila Jumamosi Asuman alipotoka ufukoni Ggaba na samaki wake, alipitia kwanza kwa Mama Phelister, mjane wa Omolo, pale Naguru. Aliingia hadi jikoni bila kubisha, akamchagulia ngege wawili wanono, akanywa chai yake wima, kisha akaenda zake. Jumamosi hiyo, siku ya kumi tangu meya mpya wa jiji atangazwe, alisimama nje ya geti.

"Karibu ndani," Phelister akamwambia. "Au leo samaki wako wana haya?"

"Samaki haina neno, nnyabo. Neno iko na mimi."

Asuman alikuwa wakala wa mgombea aliyeshindwa, katika kituo cha kura kilichosimamiwa na Moreen, binti pekee wa Phelister, karani kule Kyambogo. Kura zilihesabiwa uwanjani jioni, kila karatasi ikiinuliwa juu na umati ukiitikia namba. Mgombea wa Asuman alipata 439, mshindani wake mkuu 61. Asuman alirudi nyumbani na nakala yake ya fomu ya matokeo, akiimba.

Sasa alitoa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa nakala hiyo. Ya pili ilikuwa picha ya fomu iliyosomwa kwenye ukumbi wa kujumlisha kura, na humo mgombea wake alikuwa na 61.

"Namba imegeuka," alisema. "Lakini angalia sahihi. Ni mtu moja."

"Sahihi huigwa."

"Inaweza. Mimi nanyamaza tu kwa sababu ya mzee Omolo. Sokoni wanasema Wakenya wa Naguru wamekula kura. Wakili wetu Laker anapeleka kesi wiki hii, na hiyo jina itasomwa pale mbele ya watu."

Akamwachia karatasi zote mbili na samaki mmoja badala ya wawili.

Omolo alikuwa amekuja Kampala kutoka Kenya akiwa kijana, karani wa reli, na kwa miaka arobaini hakuna aliyepata la kumsema. Hata waliomwita mgeni walimpa funguo zao walipokwenda kuzika vijijini kwao. Alipofariki, Phelister, aliyekuwa naibu mwalimu mkuu, aliapa moyoni kwamba jina hilo halitachafuka mikononi mwake.

Aliivaa miwani ya marehemu, akazilinganisha zile sahihi mbili mstari kwa mstari. Alitamani aone kosa, mkono uliotetemeka, herufi iliyokwama. Hakuona. Ile O kubwa iliyozunguka jina zima ilikuwa ya Moreen.

Kwanza alimshuku Asuman. Mwanasiasa gani hamtumii muuza samaki? Lakini kwa nini basi amletee yeye karatasi hizo kabla ya kuzipeleka sokoni? Shaka ikahama polepole, ikaingia ndani ya nyumba. Moreen alikuwa hali chakula siku hizi. Simu yake aliilaza kifudifudi mezani. Na jana, gari jeupe lilipopunguza mwendo mbele ya geti, si aliondoka dirishani haraka?

Moreen alipokwenda kuoga, Phelister alifanya jambo ambalo angemfukuzia mtumishi kazi: alifungua mkoba wa mtu mwingine. Akakuta kitabu cha nyimbo, kitana, na kipande cha karatasi chenye namba ya simu ya msimamizi wa eneo, yule aliyekusanya bahasha za vituo. Alipiga namba hiyo. Simu iliita hadi ikakatika.

Jumapili kanisani benchi lao lilibaki na nafasi tatu. Akina mama waliozoea kubanana naye walipita wakimsalimu kwa kichwa. Waliporudi nyumbani, Phelister aliweka zile karatasi kando ya sahani ya binti yake.

"Hii sahihi ni ya nani?"

Moreen alizitazama bila kuzigusa. "Yangu, Mama. Zote mbili."

"Walikupa nini?"

"Mama."

"Nakuuliza. Namba ya yule bwana inafanya nini kwenye mkoba wako?"

"Kumbe ni wewe uliyefungua." Moreen alisukuma sahani. "Nampigia kila siku, hapokei. Sikupewa kitu. Nilitia sahihi saa sita mchana, kabla ya kuhesabu. Wagombea walikuwa tisa, kila wakala anataka nakala yake, na wingu la mvua lilikuwa juu yetu. Nikasaini kitabu kizima cha fomu ili jioni nijaze namba tu. Zilizobaki nikazirudisha kwenye bahasha aliyoichukua yule bwana."

"Tupu?"

"Tupu."

"Mtu mwenye shahada anasaini karatasi tupu. Nani alikufundisha ujinga huo?"

Moreen aligonga meza kwa kidole. "Hapa, Mama. Kwenye meza hii."

Phelister alikumbuka. Kila mwisho wa muhula alisaini ripoti za wanafunzi mia tatu kabla ya alama kufika, na Moreen, mwenye miaka kumi, alizipanga kwa madarasa. Shule nzima ilimsifu kwa wepesi wake.

"Shule yangu haikupata kesi hata moja," alisema.

"Alama ulizijaza wewe mwenyewe."

Maji ya kunawa yalikuwa yamepoa. Moreen akasema taratibu, "Naweza kumwambia Laker wameiga sahihi yangu. Jina la Baba litabaki safi."

Phelister aliipima sentensi hiyo, na ilimpendeza. Aliijaribu hata kwa sauti, kama vile angeisema mahakamani. Kisha jicho lake likaanguka kwenye nakala ya Asuman. O ile ile. Ukiikana moja, umezikana zote mbili, na Asuman, mwenye hesabu ya kweli, ndiye atakayeitwa mwongo mbele ya watu.

"Kesho hutakwenda kazini," alisema. "Tutakwenda pamoja."

Ofisi ya wakili Laker ilikuwa juu ya duka la vitambaa mjini. Laker aliwakaribisha kwa heshima, akasikiliza kisa chote, na mara mbili akamtazama Phelister kama anayeuliza kama kweli anataka hayo yaandikwe.

"Andika," Phelister alisema. "Na andika kwamba alijifunza kwangu. Phelister Omolo, mjane wa Omolo wa reli."

"Mama, wewe hukuwepo kituoni. Si lazima uingie humu."

"Andika."

Laker akaandika mistari michache kwenye daftari lake, akatazama saa, akawasogezea hati mbili za kiapo. Juu kulikuwa na majina yao. Chini, nafasi ya sahihi. Katikati hapakuwa na kitu.

"Nawahi mahakamani," alisema. "Tieni sahihi hapa chini. Karani wangu atachapa maelezo yaliyobaki mchana."

Moreen alikuwa ameshainua kalamu. Phelister aliichukua kutoka mkononi mwake, akaifunika kifuniko, akaiweka juu ya meza.

"Nenda, mwanangu," alimwambia wakili. "Karani na achape. Sisi tutasubiri hapa hapa mpaka tusome."