Babu Aliyelala Vibaya

Shamba letu la mikorosho kule Mahege nilinyang'anywa na kaburi. Hukumu ya baraza la ardhi ilisema hivyo kwa maneno marefu zaidi: mdai ameonyesha kaburi la babu yake ndani ya eneo, mdaiwa hakuonyesha kitu ila mikorosho, na mkorosho si babu wa mtu.

Mdai ni jirani yetu. Namwita mjomba kwa ujirani tu, naye huniita mpwa, hasa akitaka kitu. Mikorosho aliipanda mama yangu, na alipofariki hakuniachia kingine. Mimi nauza nazi Kibiti mjini, kando ya barabara, na kazi imenizoesha kuhesabu kila kitu mara mbili. Mle shambani nimehesabu tangu utoto: mikorosho ishirini na tisa, tena ishirini na tisa, makaburi hakuna, tena hakuna. Mwaka wa kesi kaburi likaota, mawe yamepangwa vizuri, na kibao cha kichwani.

Baraza lilikuja kuliona: mwenyekiti, wazee wa baraza wawili, na karani aliyechora ramani ya eneo. Mjomba akatangulia, akavua viatu, akainua mikono. Sote tukainua. Mimi, mdaiwa, nikamsomea Fatiha shahidi wa upande wa pili. Mjomba akalia kidogo. Mwenyekiti akasema, "Poleni," akafunga ushahidi.

Adhuhuri ikatukuta palepale, tukatandika mkeka, tukaswali. Niliposujudu ndipo nikaona. Maiti ya Kiislamu hulazwa kwa ubavu, uso ndio unaoelekea kibla. Sisi tulikuwa tumekielekea kibla, kwa hiyo kaburi lilipaswa kukaa mbele yetu kwa upana. Hili lilikuwa limenyooka kama mshale. Babu wa mjomba alikuwa amekielekezea kibla miguu! Mungu anisamehe, swala ile sijui niliswali rakaa ngapi.

Nikatoa salamu, nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, marehemu huyu kalala vibaya."

"Ushahidi umefungwa."

"Lakini Mheshimiwa, tazama miguu..."

"Umefungwa, bwana. Una neno? Lipeleke kwenye rufaa."

Basi hukumu ilipotoka nikalipeleka. Siku arobaini na tano za kukata rufaa nilizihesabu kwa vidole, kisha kwa kalenda ya ukutani. Wakili akaniandalia sababu saba za rufaa.

"Punguza," nikamwambia.

"Sababu hazipunguzwi, mzee. Labda bei."

"Bei tutafika. Saba za nini? Mnunuzi mwekee nazi saba, ataitikisa ileile mbovu."

Tukashuka hadi tatu, kisha moja: baraza lilifika kaburini, likaliombea dua, lakini halikuniruhusu niliulizie swali.

Jaji wa Mahakama Kuu akasoma, akainua macho.

"Mliswali kwanza au mlifunga ushahidi kwanza?"

"Tulifunga kwanza, Mheshimiwa."

"Mngeanza na swala."

Hukumu ikafutwa. Baraza lirudi shambani na mwenyekiti mwingine, na pande zote mbili zisikilizwe kuhusu kaburi.

Tukarudi. Babu alikuwa amegeuka.

Mawe yaleyale, kibao kilekile, ila sasa kalala sawasawa, ubavu kwa kibla, kama aliyesoma nakala ya rufaa yangu. Mjomba akainua mikono, na safari hii alilia zaidi. Wazee wa baraza nao wakainua. Miye yangu niliiacha mfukoni. Karani akatoa ramani ya safari ya kwanza, akaigeuza huku, akaigeuza kule, mwisho akajigeuza yeye.

"Mzee," mwenyekiti mpya akamuuliza mjomba, "kaburi hili mlilifukua?"

"Astaghfirullah! Kufukua maiti? Si jela hiyo, Mheshimiwa?"

"Ni jela. Sasa marehemu kageukaje?"

Mjomba akakitazama kibao. Nilimwona anapiga hesabu, na uso wa mtu anayepiga hesabu naujua: huku jela, huku shamba.

"Hamna mtu humo," akasema, kwa sauti ya muuzaji aliyekubali bei ya mwisho.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Mzee mmoja wa baraza alikuwa bado ameinua mikono. Akaishusha taratibu. "Sasa tulimsomea nani?"

Swali lake halikuwamo kwenye sababu za rufaa.

Hukumu mpya haikujaza hata ukurasa mmoja: shamba ni langu. Nikaenda kuihesabu mikorosho ya mama, na siku hiyo nilihesabu mara tatu. Nikiwa kwenye ule wa mwisho, mjomba akatokea.

"Mpwa wangu, yale mawe nilinunua. Niruhusu niyachukue."

"Yako ndani ya shamba langu, mjomba."

"Basi nipe nusu."

Nikamwambia hakuna haraka, ana siku arobaini na tano.