Hadithi Inayosubiri Kuitikiwa

Sifa zote ni za Mungu, aliyenipa masikio kwanza, kisha ulimi, na akanifikisha uzeeni nikiwa bado nina wa kunisikiliza.

Kwetu hapa Nyamwaga, nilivyolelewa mimi, hadithi haisimuliwi na mtu mmoja. Msimulizi anatoa sentensi, msikilizaji anaitikia "Ee!", ndipo safari inaendelea. Asipoitikiwa ananyamaza, maana pengine wenzake wamesinzia. Ndivyo nilivyomsimulia mjukuu wangu wa kike tangu akiwa mdogo, tukimenya ndizi.

Sasa yuko kidato cha pili. Mwalimu wake wa Kiswahili alimchagua asimulie siku ya wazazi, ila kwanza ajaribu mbele ya darasa. Siku hiyo alirudi nyumbani akatupa begi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Mbona umenuna? Umepata mume mwingine mwenye meno?"

Hakucheka. "Sisimulii tena. Nilisema, 'Palikuwa na mjane mwenye ng'ombe mmoja.' Nikasubiri. Kimya. Nikarudia. Kimya! Wakaanza kunicheka. Mwalimu anasema nimesahau. Nikishindwa tena Ijumaa, anampa mwingine."

"Kwani ulisahau?"

"Wao ndio hawakuitikia, babu!"

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Hadithi ilikuwa salama. Kilichokosekana ni masikio.

Jioni hiyo, tukiirudia hadithi yake ya mjane na fisi kwa ajili ya Ijumaa, alinifundisha majina ya vitu nilivyotumia miaka yote, hata nilipofundisha katekisimu. Fisi kuzungumza kama mtu ni tashihisi. Njaa kumkata kama msumeno ni tashbihi. Kumfanya msikilizaji asijue kitakachofuata, naye anataka sana kujua, ni taharuki. Nilifurahi kama mtu anayetambulishwa kwa jirani wa siku nyingi.

Ijumaa niliomba ruhusa kwa mwalimu, nikaketi dawati la nyuma, magoti yamenifika kidevuni.

"Palikuwa na mjane mwenye ng'ombe mmoja," akaanza.

"Ee!" nikaitikia.

Darasa zima likageuka. "Mzee, vipi?" mmoja akanong'ona, wakacheka. Sentensi ya pili tukaitikia watatu. Ya tano, madirisha yalitetemeka.

Akaeleza jinsi fisi alivyoomba kazi ya kuchunga, akamla yule ng'ombe, kisha akajivika shingoni kengele ya ng'ombe huyo. Jioni mjane akasikia kengele inakuja, akatoka na kibuyu cha kukamulia.

"Akanyoosha mkono gizani, akashika titi..."

Hakuna aliyeitikia. Hata mimi nilisahau. Nikamwangalia mjukuu wangu, nikihofu kimya kile kitamvunja tena. Yeye alitulia tu, ametabasamu, anatutazama.

"Ee, halafu?" mwalimu akasema, chaki mkononi.

"Likawa sikio!"

Darasa likalipuka. Mwalimu akangoja watulie, akamwambia, "Siku ya wazazi ni yako. Na huyu babu aje."

Nilikwenda, na wazazi wote waliitikia.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akubariki, na katika nyumba yako asikosekane mtu wa kukuitikia unaposema.