Nesi Anayefunga Vidole Vizima

Mabibi na mabwana, vueni kofia: huyu hapa Mlinzi Mkuu wa Siri za Vijana, Ngome Isiyopenyeka ya Zahanati, mwanamke aliyekabidhiwa afya ya kizazi kizima pamoja na kiti kimoja chenye mguu mbovu. Mtaani wanamwita Nesi Bandeji.

Jina lina sababu. Wakubwa walipoamua vijana wapate huduma ya siri, walichora mlangoni CHUMBA CHA VIJANA: MAGONJWA YA ZINAA, kwa herufi kubwa kama ndoo, mbele ya benchi wanalokalia mama zao. Hakuingia hata nzi. Nesi akahamishia kazi chumba cha kufungia vidonda. Kijana akija kupimwa, anatoka na kidole kimefungwa bandeji, na benchi zima linampa pole.

Asubuhi hiyo aliyeketi mbele yake alikuwa binti wa miaka kumi na sita, mtoto wa dada yake wa tumbo moja. Kipimo kilisema kisonono.

"Kuna mtu mzima katika hili? Au aliyekulazimisha? Kama yupo, siri inaishia hapo, nilikwambia tangu mwanzo."

"Hayupo, mama mdogo. Ni mvulana wa darasani kwetu. Naye atakuja kutibiwa, nimemtisha."

"Umefanya la maana. Na mama yako?"

"Ukimwambia, naondoka sasa hivi. Sindano yako ubaki nayo."

Nesi akapima pande zote mbili. Ugonjwa ule ukiachwa unaweza kula kizazi. Dada yake naye, akiujua, anaweza kumtimua mtoto kabla chai haijapoa. Alikuwa anavuta dawa kwenye bomba la sindano mlango ulipopigwa ngumi. Akavuta pazia haraka, binti akabaki nyuma yake.

"Mwanangu yumo humu," dada mtu akasema akiingia. "Muuza nyanya kaniambia kaja kufungwa kidonda. Kidonda gani? Asubuhi alikuwa anaruka kamba."

"Dada, subiri benchini."

"Nisubiri? Mimi niliyekubeba mgongoni? Niambie, ana mimba?"

Swali la mtego. Akisema hapana, keshakiri kwamba yumo, na litafuata la pili, na la tatu.

"Simsemi mgonjwa yeyote kwa mtu yeyote. Ukija wewe na lako, mumeo nitamjibu hivi hivi."

Dada mtu akaanza kurekebisha kanga yake. Inaelekea alikuwa na lake.

Nyuma ya pazia kiatu kikasogea. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, na binti ana miguu ya swala. Nesi alisikia, asithubutu kugeuka: akigeuka, kamtaja.

Pazia likafunguka.

"Mama, nipo. Nachomwa sindano kwanza. Halafu nitakwambia mwenyewe, nyumbani. Ukipiga kelele hapa, sisemi."

Mama akageuka. Akaenda kukaa benchini, kati ya watu walioacha hata kukohoa ili wasikie.

Binti alipotoka amekwisha kuchomwa, mama alirudi mlangoni peke yake, kidole juu.

"Umenificha damu yangu mwenyewe. Siku ukoo mzima ukiketi kukuhukumu, utajitetea vipi? Wewe ni ndugu wa namna gani?"

"Wa zamu ya asubuhi," nesi akasema. "Niitie anayefuata."