Tairi za Theluji Juu ya Keria

Baba wa mchumba wangu hakuwa na shida na ukoo wangu wala mshahara wangu wa ualimu. Shida yake ilikuwa njia. Yeye alikaa juu kabisa kwenye miteremko ya Meru, mimi nilikuwa mtu wa chumba cha kupanga Kaloleni, mjini. Akaniambia waziwazi: "Leteni posa masika, tena kwa gari. Kama mvua inawashinda, basi mtoto wangu nitamwona kiangazi tu, na hilo silikubali."

Ilikuwa miaka ya ruksa, milango ya biashara imefunguliwa, magari yaliyotumika yakimiminika kutoka Japani, na mjomba wangu alikuwa amenunua moja dogo lenye tairi nne za kipara. Nikamsihi atafute nyingine. Tukaenda kwa muuza tairi kuukuu, Sombetini. Mjomba akazikagua kama mtu anayechagua mbuzi: akazibonyeza, akazinusa, akaingiza kucha kwenye mifereji. Muuzaji akamletea nne za mpira laini, ziko kwenye rimu zake, zimechanjwa vimistari vidogo vidogo.

"Hizi ni za theluji, mzee wangu. Huko kwao zinapanda milima yenye barafu, sembuse tope letu? Ila kwenye lami ya jua zinaisha haraka, nisikufiche."

Mjomba akautazama mlima. "Kule kileleni si huwa kunakuwa kweupe siku nyingine? Zitakuwa kama zimerudi nyumbani."

Akazilipia, nami nikafurahi mapema mno. Mjomba ni mtu ambaye sofa zake zilikaa na nailoni za dukani miaka minane. Katika maneno yote ya muuzaji, lililomwingia ni "zinaisha." Siku ya posa nikalikuta gari limesimama na vipara vyake, na tairi za theluji zimefungwa kwa kamba juu ya keria ya paani, zimepigwa rangi ya viatu mpaka zinang'aa.

"Mjomba, mbona hatujazifunga?"

"Lami itazila. Tutafunga huko mbele."

Lami ikaisha. Akasema tope bado ni dogo. Tope likakua. Akasema sasa limezidi, zitachafuka, tuzifunge karibu na geti ili tuingie kwa heshima. Shangazi, aliyepakata mablanketi ya wakwe kiti cha nyuma, akamuuliza kama na suruali yake angeivaa tukifika. Nilicheka, ingawa nilikuwa na hasira ya kutaka kulia.

Kona ya mwisho, nyumba ikionekana kabisa, gari likaanza kuteleza kinyumenyume, taratibu, likaketi mtaroni. Nikashuka na suti yangu ya kuazima kusukuma. Gurudumu likazunguka, tope likanipaka kuanzia paji la uso.

Mzee, baba wa mchumba wangu, akateremka kutoka nyumbani na mwavuli wake na mabuti ya mvua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakunitazama. Alitazama keria. "Na hizo?"

"Za theluji," mjomba akajibu kwa fahari. "Nzuri sana. Tunazitunza."

Mzee akayatazama magurudumu yetu ya kipara, mvua ikipiga mwavuli. "Na binti yangu mtamtunza hivyohivyo?"

Aibu iliyonishika sijaipata tena. Nikasema, "Hapana, baba," nikapanda juu ya gari na viatu vyangu na kukata kamba. Mjomba akalalamikia rangi yake. Shangazi akamwambia alete jeki. Tairi ya kwanza ilipoanguka, mchumba wangu alikuwa ameshafika mbio, kiatu kimoja kimebaki njiani, akaidaka na kuiviringisha hadi gurudumu la nyuma. Tulifunga zote nne, mimi na yeye tukigombania spana.

Mzee akakunja mwavuli, akaketi kiti cha mbele bila kukaribishwa. Gari likapanda. Alishikilia dashibodi kwa mikono miwili mpaka getini. Hapo akageuka nyuma, akaniangalia kwa mara ya kwanza siku ile.

"Futa uso," akasema. "Mama mkwe wako yuko mlangoni."

Nilitaka kufuta, nikashindwa, nikabaki ninalia kama mtoto huku mjomba akiniomba nisiegemee viti vya gari.