Chumvi ya Batuli

Ukitaka kujua kama ugali wako haujaiva, pale Ipagala ulikuwa unamwita Yasinta. Mwanamke yule alikuwa na ulimi, jamani! Mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, mgonjwa hampiti, msiba haumpiti, na kila anapokwenda ana usemi wa wazee wa kukutuliza moyo. Lakini mboga ikikosewa chumvi, atakuambia hapohapo, wageni wakisikia. Wake wachanga aliwafunda kwa ukali: jirani akikuletea chakula, usimrudishie bakuli tupu. Tia hata unga kidogo, tia hata limau, asije akadhani unamfukuza.

Kisha Ndahani, mumewe, akafariki.

Yasinta hakulia. Watu wakasema ni imani. Mwenyewe aliyangoja machozi kama anavyongoja maji ya bomba, hayakuja. Alisali rozari akafika mwisho asijue amepitaje. Waliokuja kumpa pole walimrudishia misemo ileile aliyowagawia yeye miaka yote, naye akasikia sauti tu. Hapo ndipo alipoogopa. Labda na yeye aliwapa watu sauti tupu. Na labda atabaki hivihivi, mwili mzima, ndani ganzi, mpaka siku atakayomfuata mumewe.

Jirani yake Batuli, Mrangi wa Kondoa, Mwislamu wa swala tano, hakuwa mtu wa maneno. Kila jioni alileta ugali, na mlenda ndani ya bakuli lake la maua. Yasinta alikula kwa sababu chakula kipo. Akimaliza, aliliosha bakuli, akalirudisha. Tupu.

Yasinta huyohuyo! Majirani wakanong'ona weee, eti uwenyekiti umempanda kichwani. Batuli akawaambia, "Mwacheni," na kesho yake akapeleka tena.

Jumamosi moja zamu ya sala ya jumuiya ikafika nyumbani kwa Yasinta. Injili ikasomwa, watu wakamgeukia mwenyekiti wao awape neno. Akaifunga Biblia.

"Mnisamehe, wenzangu," akasema. "Sina neno. Nasali, lakini ndani sisikii chochote."

Kabla mtu hajamjibu, hodi! Batuli huyo mlangoni na chakula chake. Dafrosa, ambaye hata kanisani hawezi kunyamaza, akadakia: "Na leo mwenyekiti atalirudisha tupu?"

Yasinta akalitazama lile bakuli. "Kwani nilikuwa narudisha tupu?"

Wote wakainama. Aibu ikamchoma, akashangaa kwamba inachoma.

"Achana na hayo, dada," Batuli akasema. "Kula kwanza."

Yasinta akanawa, akala mbele yao ili tu aibu ipite. Tonge la kwanza likashuka. La pili likamkwama, uso ukamkunjamana.

"We Batuli! Ndiyo mboga gani hii? Chumvi yote hii unataka kuniua?"

Batuli akakaa palepale mkekani, akajifunika mtandio usoni, anacheka huku analia. "Alhamdulillahi! Nimeanza kuzidisha tangu tuanue matanga, dada. Kila siku naongeza, nangoja unigombeze."

Watu wakacheka. Yasinta naye akataka kucheka.

"Ndahani asingeimeza hii," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu wamzike, akalia.