Oda za Mdogo Wangu Zilizobaki

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya tatu baada ya mazishi, simu ya mdogo wangu ilimjibu mteja. Nilikuwa nimeichomeka chaji juu ya cherehani yangu ili nitoe namba za watu ambao walikuwa hawajapata taarifa. Kioo kikawaka. Mwanamke mmoja wa Dar es Salaam alikuwa ameandika: "Dada, mzigo wangu vipi?" Kabla sijaigusa, jibu likatokea chini yake: "Asante mpendwa, nimekupata. Nafunga kwa mikono yangu mwenyewe, leo unatoka."

Nilifahamu kwamba simu za biashara huweza kupangwa zijibu zenyewe. Kufahamu hivyo hakukunisaidia. Mikono iliyotajwa na jibu lile nilikuwa nimeiosha mimi, pamoja na wanawake wawili wa mtaani, asubuhi ya mazishi.

"Zima hiyo," alisema shangazi, dada wa baba yetu, aliyekuwa akichambua mchele wa msiba. "Maiti hafanyi biashara."

Nilitafuta mahali jibu lile lilipopangwa, nikaliondoa. Siku mbili baadaye lilimjibu mtu mwingine, neno kwa neno. Nilijiambia kuwa ni mtandao uliochelewa.

Mdogo wangu alikuwa akiuza vitu vya kwetu kwa njia ya simu: asali ya Sikonge, michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa. Wanunuzi wake wengi walikuwa watu wa Tabora waliohamia mbali. Walimlipa kwa simu, naye alifunga mizigo na kuipeleka stendi ipande mabasi. Mimi nilikuwa nikishona chumba cha pili, nikisikia utepe wa gundi ukivutwa kutwa nzima. Sikuwahi kumuuliza kazi ile inakwendaje.

Sasa nilifungua mazungumzo yake moja baada ya jingine. Wateja thelathini na mmoja walikuwa wamelipa na hawajapata vitu vyao.

Nilikwenda kwa mjomba, kaka wa mama. Siku ya mazishi ni yeye aliyesimama kabla jeneza halijanyanyuliwa, akasema kama ilivyo desturi yetu: anayemdai marehemu ajitokeze kwa familia, na anayeweza kusamehe asamehe. Walijitokeza wawili, muuza mkaa na dereva wa bodaboda. Tukalipa palepale, na mjomba akatangaza kuwa binti yetu ameondoka hana deni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Mbona uko na simu ya marehemu?"

Nikamwonyesha. Alisoma taratibu, simu ikiwa mbali na macho.

"Wamelipa wote?"

"Wote, mjomba."

Alivua kofia akaiweka gotini. "Basi nimesema uongo mbele ya jeneza."

"Hukujua."

"Sikujua, lakini nimesema. Waliokuwa wakimdai wako Mwanza na Dar, sauti yangu ingewafikia vipi? Sikiliza. Hitima ni siku ya arobaini. Kabla ya siku hiyo, kila mmoja awe amepata chake au amesamehe kwa kinywa chake. Mtoto huyu hawezi kulala na vitu vya watu."

"Wakisamehe kwa kuandika, inafaa?"

"Siku hizi midomo yenu iko vidoleni. Inafaa."

Nilirudi nyumbani nikafungua chumba alichokifanya stoo. Hakikuwa stoo tena. Siku aliyofariki, majirani walikitoa kila kitu ili wanawake waliokuja kwenye msiba wapate pa kutandika mikeka. Ndivyo tunavyofanya, chumba chenye nafasi ni cha waombolezaji, na hakuna anayeuliza. Ndoo, magunia na katoni vilikuwa vimerundikwa kwenye jiko la uani, chini ya bati, masufuria ya kukopa yakiwa juu yake.

Nilichokikumbuka ni kidogo. Nilikumbuka kwamba ukuta wa mlangoni ulikuwa wa mabasi ya Dar, ukuta wa dirishani wa Mwanza, na mizigo ya Kigoma ilikaa pembeni peke yake. Sakafu ilikuwa bado na miduara myeupe mahali ndoo zilipokuwa zikikaa. Nilizirudisha ndoo kwa kufuata miduara ile, moja moja. Nilipomaliza, chumba kilifanana sana na alivyokiacha, nikatoka nje kidogo.

Nilifunika cherehani nikaanza kusoma kuhusu kazi ya maghala na usafirishaji wa oda, kama nilivyojifunza kukata suti zamani, kwa kusoma na kujaribu. Nilikuta kwamba mali iliyo ghalani ni ya namna mbili. Kuna iliyo huru, ambayo unaweza kuiuza leo. Na kuna iliyotengwa: macho yanaiona rafuni, lakini imeshalipiwa na ina mwenyewe. Nilikuta pia kwamba oda haikamiliki mteja anapolipa, wala basi linapoondoka. Inakamilika anayestahili anapoishika mkononi. Kipande cha mwisho cha safari, kutoka stendi hadi mlangoni, ndicho kifupi kuliko vyote, na ndicho kinachoshinda wengi.

Nilipima asali. Nyingi ilikuwa imetoweka, hata ya ndoo zilizofungwa vitambaa, alizowatengea waliokwisha kulipa.

"Shangazi, asali ya ndoo zenye vitambaa ilikwenda wapi?"

"Ilikwenda kwenye chai. Ulitaka watu wanywe chai kavu siku saba?"

"Ilikuwa ya watu."

"Na waliokunywa ni nani, mbuzi?" Alicheka, kisha akaniona uso. "Tulijua ni ya nyumbani. Mwenyewe angekuwa hai angetumiminia zaidi."

"Angekuwa hai, shangazi, asali hii ingekuwa stendi."

Baadaye alikuja na kibakuli cha asali iliyobaki, akakiweka mbele yangu.

Niliituma kwanza mizigo aliyokwisha kuifunga mwenyewe. Katoni moja ya Kigoma ilikuwa na unywele wake umenaswa chini ya utepe, mrefu, umejikunja mara moja. Nilikaa mbele ya katoni ile kwa muda mrefu. Kuubandua ule utepe kungekuwa kuifungua kazi yake ya mwisho, na kuuacha kulikuwa kumpeleka mahali ambako mimi sitafika. Niliuacha. Mpokeaji aliandika kuwa mzigo umefika salama, umefungwa vizuri kama kawaida.

Kabla ya kumwandikia mteja, nilisikiliza ujumbe wa sauti alioachiwa, nijue aliahidiwa nini hasa. Katika kila ujumbe mdogo wangu anaongea haraka, anacheka, na nyuma ya sauti yake inasikika cherehani yangu. Nilikuwepo kila alipoahidi. Siku moja nilisimamisha mguu kwenye pedali nikiwa nashona, kwa sababu sikuwa na hakika kama cherehani niliyoisikia ni ya sasa au ya kwenye ujumbe.

Nyumba yetu iko upande ambao zamani misafara ilitokea ikielekea pwani. Bibi mzaa baba alikuwa akisema kwamba mpagazi akifia njiani, mzigo wake hauachwi. Ndugu yake huutwaa juu ya wa kwake, kwa sababu mwenye mali yuko pwani anasubiri na hana habari kwamba kuna mtu amekufa. Utotoni nilikuwa nikimwogopa yule ndugu kuliko maiti. Nilikuwa nikimwona anakwenda na mizigo miwili, haongei na mtu.

Wateja wengi walisikitika. Saba waliandika wazi kwamba wamesamehe. Waliobaki niliwanunulia asali upya. Nilikwenda Sikonge kwa mzee aliyekuwa akimuuzia. Aliponisikia naongea aligeuka upesi kana kwamba amemsikia mdogo wangu, kisha akanipimia bila kupunguza bei, kwa kuwa msimu ulikuwa umekwisha na hakuwa na namna.

Yule mwanamke wa Dar wa siku ya kwanza hakusikitika. Alikuwa amelipia dumu zima, lita ishirini, la kuuza dukani kwake. Nilimpigia nikamweleza.

"Amekufa," alisema. "Wote mnakufa mkishalipwa. Muuza viatu wangu alikufa mwezi uliopita, juzi nimemwona anauza mapazia."

"Mimi ni dada yake, mama. Dumu lako nitalituma."

"Sauti ni hiyohiyo. Dada, jiheshimu."

Akakata. Nilituma dumu na picha ya risiti ya basi. Hakunijibu. Siku ya thelathini na tano karani wa ofisi ya basi ya Dar alinipigia: hakuna aliyekuja kuchukua, na mzigo usiochukuliwa hurudishwa ulikotoka, kesho unapanda gari la Tabora. Nilimpigia tena mteja. Alikuwa ameizuia namba yangu, na ya marehemu alikuwa haipokei. Akiwa amekataa kuniamini, asingekwenda stendi, na dumu lingerudi kwenye duara lake sakafuni. Mjomba angesimama siku ya hitima akiwa na jina moja ambalo halijafutwa.

Nilirudi kwenye mazungumzo yake na mdogo wangu, nikapanda juu hadi miezi ya nyuma. Aliwahi kutuma ramani ya duka lake. Niliituma kwa dereva wa bodaboda wa Dar niliyetafutiwa na yule karani wa basi, nikamlipa mapema, nikamwambia alichukue dumu stendi, alipeleke dukani, na asiondoke mpaka mwenyewe alishike.

Nilikuwa nakunja pindo la suruali simu ya marehemu ilipoita.

"Dumu liko hapa," alisema yule mwanamke. Nyuma yake bodaboda ilikuwa bado inanguruma. "Wewe ni nani wake?"

"Dada yake."

"Mkubwa?"

"Mkubwa."

Nikamsikia akimwambia dereva azime pikipiki.

"Kumbe kweli," alisema. "Nilikuwa namtukana kila siku. Nilikuwa namwachia ujumbe wa sauti, namtukana. Umeusikia?"

"Nimeusikia wote."

"Ufute, tafadhali. Mungu amrehemu. Nimepokea changu, simdai."

Nilimwomba aliandike hilo pia, akaliandika. Nilifuta ujumbe wake kama alivyotaka, nikatembea hadi kwa mjomba nikamwambia kuwa hakuna aliyebaki. Aliitikia kwa kichwa, akauliza ilinigharimu kiasi gani. Nilijumlisha mbele yake: asali mpya, safari ya Sikonge, mabasi, vifungashio, na bodaboda ya Dar. Shilingi 673,500. "Nami simdai," nilimwambia.